Maswali ya Wasomaji: Ukipotea Porini, Uanzie Wapi?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu namna mtu anavyoweza kujiokoa anapopatwa na dharura mbali na makazi ya watu. Barua zimekuwa nyingi, na karibu zote zina jambo moja la pamoja: waandishi wake wametazama video zilizotengenezwa katika nchi za theluji na misonobari, kisha wanauliza iwapo mafunzo hayo yanafaa Tabora, Longido au milima ya Uluguru. Baadhi yanafaa. Mengine hayana kazi huku kwetu, na machache yanaweza kumwua mtu. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawasaidia wengi, na nimezifupisha pale zilipokuwa ndefu.

Mwezi wa Januari vijana wa kijijini kwetu walikwenda kuchuma uyoga, mmoja wao akaachana na wenzake, akalala porini siku mbili. Alipatikana mbali sana na pale alipopotelea, tena upande ambao hakuna aliyefikiri kumtafuta. Wazee wanasema kosa lake lilikuwa kutembea. Vijana wanasema asingetembea angekufa. Nani ana haki? – Msomaji, Urambo

Wazee wana haki, na kisa ulichokieleza wewe mwenyewe ndicho ushahidi wao: watu walimtafuta pale alipotarajiwa kuwa, naye alikuwa ameshahama. Tufanye hesabu kidogo. Mtu anayetembea porini kilometa tatu kwa saa, huku wenzake hawajui ameelekea wapi, baada ya saa mbili anaweza kuwa mahali popote ndani ya duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni kilometa sita, yaani eneo la zaidi ya kilometa za mraba 100. Akitembea saa mbili nyingine, eneo hilo linakuwa mara nne ya lile la kwanza. Hakuna kijiji chenye watu wa kutosha kulichana pori la ukubwa huo kwa siku moja.

Isitoshe, aliyepotea hatembei kwa mstari ulionyooka hata kama anaamini hivyo. Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Jan Souman, wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya katika msitu wa Bienwald nchini humo na katika jangwa la Sahara upande wa Tunisia. Watu waliambiwa watembee moja kwa moja, huku nyayo zao zikifuatiliwa kwa GPS. Walioweza kuliona jua waliishika njia vizuri, lakini waliotembea msituni siku ya mawingu walizunguka, na wakaikata njia yao wenyewe bila kujua kwamba walikwisha kupita hapo. Sasa tafakari pori la miombo la Tabora wakati wa uyoga: ardhi ni tambarare, miti inafanana, na kwa kuwa uyoga huota wakati wa mvua, mara nyingi jua limefichwa na mawingu. Mahali kama hapo macho hayana pa kushika, na miguu humdanganya hata mwenyeji.

Kwa hiyo, jambo la kwanza mtu anapotambua kwamba amepotea ni kuketi chini. Nasema kuketi kwa maana yake halisi, kwa sababu hofu hukaa miguuni, na mtu aliyesimama huanza kutembea kabla hajaamua. Anywe maji kidogo kama anayo, akumbuke mahali pa mwisho alipokuwa na uhakika napo, na apige filimbi au kelele mara tatu, kisha anyamaze na kusikiliza, kwa maana wanaotafuta nao huita na hawasikiki kama yeye anapiga kelele mfululizo. Ishara tatu, ziwe za filimbi, za moto au za mwanga, zinafahamika mahali pengi kuwa ni ombi la msaada. Akitaka kuchungulia jirani, afunge kitambaa kwenye mti, aende upande mmoja bila kuupoteza mti huo machoni, arudi, kisha ajaribu upande mwingine.

Hata hivyo, nisiwaonee vijana. Yapo mazingira ambayo kubaki ni kosa: moto wa nyika unakuja, maji yanapanda, au hakuna binadamu yeyote anayejua kwamba ulitoka nyumbani, na kwa hiyo hakuna atakayekutafuta. Vivyo hivyo, ukiona kwa macho yako barabara au moshi wa nyumba, nenda. Katika hali hizo uondoke asubuhi, si jioni, na uache alama nyuma: mshale wa mawe au vijiti, matawi yaliyovunjwa kwa kimo cha kiuno, na kipande cha karatasi chenye saa uliyoondoka na upande ulioelekea.

Ule ushauri kwamba "fuata mto utakufikisha kwa watu" usiuchukue mzimamzima. Katika nchi tambarare una mantiki yake, lakini katika milima yenye misitu mto huteremka kwa njia ambayo binadamu hawezi kuifuata. Maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa yana urefu wa meta 170 hivi. Mtu anayeufuata mto kama huo akiwa amechoka, gizani, juu ya mawe yenye utelezi, hana safari ndefu.

Mimi ni skauti. Kitabu chetu kinafundisha kutafuta kusini kwa saa ya mkononi, kwamba uelekeze mshale wa saa kwenye jua, kisha katikati ya mshale huo na namba 12 ndiko kusini. Nimejaribu hapa Dodoma na majibu hayaeleweki. Nakosea wapi? – Skauti, Dodoma

Hukosei, mwanangu. Kitabu chako kiliandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ya mbali, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Kwenu jua la adhuhuri huegemea kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huegemea kusini miezi iliyobaki, na karibu na tarehe za kubadilika hukaa juu ya utosi kabisa, likawa halielekezi popote. Njia ya saa ya mkononi katika ukanda wetu si ya kutegemewa hata kidogo, na ningependa walimu wa skauti waifute katika somo lao.

Njia inayofaa ni ya kijiti. Simika kijiti cha meta moja hivi mahali palipo sawa, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli chake, subiri dakika 15 hadi 20, kisha weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Kwa kuwa jua huenda magharibi, kivuli husogea mashariki, hivyo jiwe la kwanza liko magharibi na la pili liko mashariki. Simama jiwe la kwanza likiwa upande wako wa kushoto na la pili upande wa kulia, nawe utakuwa umeelekea kaskazini. Haihitaji saa, na haijali mwezi wala upande wa Ikweta ulipo.

Ipo dira nyingine ambayo video za kigeni haziwezi kuitaja. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa Dar es Salaam, na kadiri unavyokwenda magharibi mwa nchi kibla huegemea mashariki kidogo. Kwa hiyo msikiti mdogo kando ya njia, au makaburi ya Waislamu katika kijiji kilichohamwa, yanaweza kukuonyesha kaskazini kwa usahihi unaotosha kabisa kwa mtembea kwa miguu. Ama yale majani laini ya kijani yanayoota kwenye magome, ambayo husemwa kwamba huota upande wa kaskazini tu: nenda msitu wowote wa Uluguru uone yalivyouzunguka mti pande zote.

Huku kwetu kiangazi ni kirefu na makorongo yote hukauka. Mtu akikwama porini bila maji, atayapata wapi, na atajuaje kama ni salama? Nimeona video ya kuchimba shimo na kulifunika kwa plastiki ili jua litoe maji ardhini. – Mfugaji, Manyoni

Swali hili ndilo kubwa kuliko yote katika nchi kavu. Bila maji mtu huweza kuishi siku tatu hivi, na katika joto kali, akitembea juani, muda huo hupungua sana. Bila chakula huishi majuma. Ndiyo maana nawaomba wasomaji walioniandikia kuhusu mitego ya sungura na kula wadudu waniwie radhi kwa kutowajibu: katika dharura ya siku mbili tatu, njaa ni usumbufu, kiu ndiyo inayoua.

Wewe kama mfugaji unajua tayari kwamba korongo lililokauka juu huenda halijakauka chini. Chimba mahali korongo linapopinda, kwenye upande wa nje wa pindo ambako maji hukata ukingo, au chini ya mwamba unaokatiza njia ya maji, kwa sababu mwamba huzuia maji yanayopita ndani ya mchanga. Tafuta mchanga wenye rangi iliyokolea au miti mibichi iliyojipanga kando. Mahali tembo walipochimba, kama wanavyofanya katika mito ya mchanga kule Ruaha, pana maji, ila hakikisha kwanza wenyewe wameondoka. Ukichimba hadi kina cha mkono mzima na mchanga bado ni mkavu, acha, ujaribu pengine, maana jasho unalolitoa ni maji pia.

Mwishoni mwa mwaka 2024 mvulana mdogo wa Zimbabwe alipotea katika Hifadhi ya Matusadona, yenye simba na tembo, akapatikana akiwa hai baada ya siku tano. Alikuwa akila matunda ya porini aliyoyajua na kuchimba visima vidogo kwa kijiti katika mto mkavu, jinsi watu wa kwao wanavyofanya wakati wa ukame. Hakuna video iliyomfundisha.

Shimo la plastiki kwa kweli hutoa maji, lakini ni machache mno, na katika ardhi kavu utatoka jasho jingi kuliko utakachokunywa. Ni afadhali kufuta umande alfajiri kwa khanga au shati na kulikamulia mdomoni. Mibuyu mikubwa yenye shimo wakati mwingine huhifadhi maji ya mvua, nayo huweza kufyonzwa kwa mrija au kuchovywa kwa kitambaa. Usikate mmea wowote unaotoa utomvu mweupe kama maziwa ukidhani ni maji: utomvu wa mnyaa, ule ambao wengi wameupanda kuwa ua wa nyumba, huchoma kinywa na ukiingia machoni unaweza kupofusha. Mkojo usinywe, na maji ya maziwa ya magadi kama Natron na Eyasi usiyaguse, maana chumvi yake huuongezea mwili kiu.

Kuhusu usalama, chukulia kwamba maji yote ya porini yana vijidudu. Yaache yatue, yachuje kwa khanga iliyokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshe hadi yatokote kabisa kwa dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya meta 2,000, ambako maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Kama huna sufuria lakini una chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, ijaze maji yasiyo na tope na uilaze juani saa sita mfululizo, au siku mbili ikiwa kuna mawingu. Mionzi ya jua huua vijidudu vingi. Vidonge vya klorini vya kutibia maji ni vyepesi na vya bei nafuu, na sioni sababu ya msafiri wa nyika kuvikosa. Njia hizi zote haziondoi sumu za kemikali, hivyo maji yaliyo karibu na migodi midogo ya dhahabu yaepukwe hata yakichemshwa, kwa sababu ya zebaki.

Na iwapo huna moto, chupa wala kidonge, nawe umeanza kuishiwa nguvu kwa kiu? Kunywa. Kuhara huja baadaye na hospitali hutibu.

Gari letu la kliniki huenda vijiji vya karibu na Ziwa Natron. Likiharibika mahali pasipo na mtandao wa simu, twende kwa miguu au tukae? – Muuguzi, Longido

Kaeni na gari, dada. Gari huonekana kwa mbali kuliko mtu, lina kivuli, vioo, betri na mafuta, na ndilo litakalotafutwa. Huko joto la mchana huweza kufika nyuzi 40, na mtu anayetembea juani anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa. Msikae ndani ya chombo kilichofungwa, bali tandazeni turubai au shuka ubavuni mwake na mkae chini yake. Asiyefanya kazi katika joto hilo anahitaji lita nne hadi tano za maji kwa siku, basi pigeni hesabu ya watu na siku mbili kabla ya kuondoka Longido, si baada ya gari kukwama.

Maji yenu yanyweni mnapoyahitaji. Watu wamekutwa wamezimia kwa kiu wakiwa na chupa yenye maji, kwa kuwa walikuwa wanayatunza. Kinachotunzwa ni jasho: msifanye kazi mchana, msivue nguo juani, msiongee ovyo. Maji ya rejeta msiyanywe, kwa sababu mara nyingi yamechanganywa na dawa ya kupozea injini, ambayo ni sumu hata kwa kiasi kidogo.

Kwa ishara, kioo cha pembeni mwa gari kikielekezwa juani huweza kuonekana kilometa nyingi, na tairi la akiba likichomwa mbali na gari hutoa moshi mweusi usioweza kufananishwa na moshi wa nyasi. Litoeni upepo kwanza, la sivyo litapasuka.

Shikamoo. Mimi ni mpagazi mpya wa Mlima Kilimanjaro. Wenzangu wakilowa hunywa konyagi kidogo kabla ya kulala ili wapate joto. Je, inasaidia? – Kijana, Marangu

Marahaba. Haisaidii, inadhuru. Pombe hutanua mishipa ya damu ya ngozi, damu ya moto ikatoka ndani kwenda nje, na mnywaji huhisi joto wakati ule ule ambao moyo na tumbo lake vinapoa. Iwe konyagi, mbege au gongo, kazi yake ni hiyo hiyo.

Kila unapopanda meta 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ikiwa Moshi mjini ni nyuzi 28, basi pale kibanda cha Kibo, kwenye meta 4,720, ni nyuzi 5 kabla hujahesabu upepo na nguo mbichi. Lakini sipendi watu wadhani kwamba hatari iko kileleni tu, kwa sababu ukanda wa msitu chini ndio wenye mvua nyingi, na mtu aliyelowa katika nyuzi 10 penye upepo anaweza kufa kwa baridi usiku mmoja. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu hutetemeka sana, kisha maneno humkwama, hujikwaa, hushindwa kufunga zipu, na huanza kusema kwamba yuko salama aachwe. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, msishangilie, maana hapo mwili umeshindwa.

Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, hasa suruali za jinzi na fulana za pamba ambazo hushika maji, mvisheni kavu, na mwekeeni kitu kinene chini yake, kwa sababu ardhi huvuta joto kuliko hewa. Kiroba cha salfeti kilichojazwa majani makavu ni godoro zuri sana la dharura. Kama anaweza kumeza, mpeni uji au chai yenye sukari nyingi. Msimsugue miguu na mikono, wala msimlaze karibu mno na moto, na mtafutieni njia ya kushuka. Akiumwa kichwa, akitapika na kuyumba hata akiwa mkavu, huo ni ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kushuka usiku huo huo, bila kungoja kupambazuke.

Mwanafunzi wangu aliumwa na nyoka tukiwa ziarani. Mwenzetu mmoja alitaka kumfunga kamba mguuni, mwingine kumchanja, na wa tatu alikuwa na jiwe la nyoka. Lipi lilikuwa sahihi? – Mwalimu, Handeni

Hakuna, mwalimu. Kamba inayokaza huzuia damu, na kwa kifutu, ambaye sumu yake huozesha nyama pale pale alipouma, huibana sumu mahali pamoja na kumfikisha mtoto kwenye kukatwa mguu. Kuchanja huongeza jeraha na damu. Kunyonya hakutoi sumu. Jiwe jeusi hugandamana na kidonda kwa sababu linafyonza unyevu, na watu hulisifu kwa sababu kuna nyoka wengi wasio na sumu, na hata wenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Aliyepona angepona bila jiwe. Ubaya wake mkubwa ni saa zinazopotea.

Msogezeni mbali na nyoka, bila kumwinda nyoka mwenyewe, maana huko ndiko mtu wa pili huumwa. Mvueni viatu, pete na bangili kabla hajavimba. Mguu au mkono ulioumwa ufungwe kwenye kijiti kama uliovunjika ili usicheze, asitembee, abebwe. Alazwe kwa ubavu akitapika. Sumu ya koboko hulegeza misuli ya kupumua, kwa hiyo kope zikianza kushuka na maneno kukwama, muwe tayari kumpulizia pumzi mdomoni hadi mfike. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka hutolewa hospitali pekee, kwa kuwa yenyewe huweza kuleta mzio mkali, na si kila zahanati inayo. Afadhali kupiga simu mbele kuuliza mkiwa njiani. Swila akitema machoni, osheni kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, na kama maji hakuna, maziwa yanafaa.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kwa sababu hiyo duniani kila mwaka. Wengi wao ni watu wa shamba na watoto, si watalii.

Usiku ukinikuta nyikani, nilale juu ya mti? – Msomaji, Nakuru

Kwa kawaida, hapana. Chui hupanda, nawe ukisinzia huanguka, na mguu uliovunjika porini ni jambo zito kuliko simba ambaye huenda hakuwapo. Jambo la muhimu zaidi ni mahali: usilale kwenye mapito ya wanyama wala karibu na maji, kwa sababu kiboko hutoka majini usiku kwenda kula, na mamba huwinda ukingoni. Tafuta mwamba wa kuegemea mgongo, zungusha matawi ya miiba kama boma la wafugaji, na anza kazi hiyo saa kumi jioni, kwa sababu huku kwetu jua likizama giza huingia haraka. Ukikutana na simba usikimbie; simama, paza sauti, rudi nyuma polepole ukimtazama.

Usilale kamwe ndani ya korongo, hata mbingu ziwe safi. Wewe uko jirani na Hell's Gate, na utakumbuka kwamba tarehe 1 Septemba 2019 watu saba walikufa katika korongo la Ol Njorowa lililo ndani ya hifadhi hiyo, pale mafuriko ya ghafla yalipowafikia. Mvua inaweza kunyesha mbali usikoiona, na maji yake yakafika kama ukuta.

Ni njia ipi rahisi ya kuwasha moto bila kiberiti? – Msomaji, Bagamoyo

Kubeba kiberiti. Kupekecha vijiti kunawezekana, Wahadzabe hufanya hivyo kila siku, lakini wamelelewa nako, na mgeni mwenye mikono iliyolowa hatafanikiwa mara ya kwanza. Funga kiberiti na kibiriti cha gesi katika plastiki, kila kimoja mfuko wake. Wakati wa kiangazi safisha ardhi hadi udongo kwa upana wa hatua mbili kila upande kabla ya kuwasha, kwani moto ulioliteketeza eneo kubwa la Kilimanjaro mwezi Oktoba 2020 ulitukumbusha jinsi nyasi kavu zisivyosamehe.

Siku hizi kila mtu ana simu. Kwa nini tujifunze haya yote? – Msomaji, Dar es Salaam

Kwa sababu chaji huisha na minara haifiki kila pori. Lakini una haki kwamba simu ni chombo cha kwanza cha uokoaji, na wengi huimaliza kwa kuitumia vibaya. Ukigundua umepotea, izime au iweke katika hali ya ndege, kwa maana simu inayotafuta mtandao bila kupata hula chaji upesi. Iwashe kwa saa maalumu, ukiwa mahali pa juu ulipopafikia bila hatari. Namba 112 huweza kupita kwenye mtandao wa kampuni yoyote iliyo karibu, hata kama laini yako haina salio. Kwa Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na kwa Kenya polisi hupatikana pia kwa 999.

Mara nyingi ujumbe mfupi hupenya pale ambapo sauti imeshindwa. Uuandike mmoja, uliokamilika, kabla hujafika penye mtandao, ili ukipata nusu dakika utoke wote: ninyi ni wangapi, nani ameumia na vipi, mahali pa mwisho mlipopajua kwa jina, mnaona nini mbele yenu, maji yamebaki kiasi gani, kwamba mmetulia na hamwendi popote, na saa ngapi utaiwasha simu tena.